Kusoma joto la figo mezani: mwongozo wa anayeshika kamera

Figo ya kupandikizwa iliyotoka kwenye barafu ni ya kijivu, imelegea, na ukiigusa kwa glavu ni kama umeshika sangara aliyelala usiku kucha kwenye kasha pale soko la samaki la Mwaloni. Daktari akishashona vena (mshipa unaotoa damu) na ateri (unaoiingiza), akaachia klempu, yaani vibanio vya mishipa, rangi inageuka palepale: figo inakuwa ya waridi, inajaa, inakakamaa, na Mungu akijalia mkojo unaanza kudondoka hata kabla mrija wake haujashonwa kwenye kibofu. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vya mezani: jicho, kidole na tone la mkojo. Kamera ya joto inaongeza cha nne. Haifuti vile vitatu, na atakayekuambia inavifuta anakuuzia kamera.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, naishi Mwanza. Naandika kwa ajili ya fundi mwenzangu, muuguzi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, au daktari mwanafunzi ambaye siku moja ataambiwa, "Wewe shika hiyo kamera." Hapa nchini upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili mwaka 2017, ukafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, kwa figo za ndugu walio hai. Aliyeko huku ziwani hapati nafasi ya kuona upasuaji huo kila wiki. Mwalimu wake atakuwa mbuzi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mbuzi.

Kwanza shika hili: kamera inaona joto, haioni damu. Inasoma mionzi ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka kwenye uso wa figo, kina kisichofika hata milimita moja. Bahati yetu ni kwamba karibu asilimia 90 ya damu inayoingia kwenye figo hupita kwenye gamba la nje. Na damu yenyewe si haba: figo mbili za mtu mzima aliyetulia hupokea karibu lita moja kwa dakika, kiasi cha moja ya tano ya yote yanayosukumwa na moyo. Figo ya baridi ikifunguliwa damu ya nyuzi 37, uso wake hauna budi kupata moto. Usipopata, au ukipata vipande vipande, kuna jambo. Ila joto lina milango mingi ya kuingilia kwenye figo, na damu ni mlango mmoja tu. Kazi ya mwenye kamera ni kujua joto analoliona limepita mlango upi.

Hatua ya 1: Ijue kamera kabla ya kuijua figo

Kamera ndogo za kuchomeka kwenye simu zinatosha kwa mazoezi. Nyingi hutoa picha karibu 9 kwa sekunde, na figo haina haraka kuliko hapo. Soma karatasi yake: mara nyingi imeandikwa kwamba kipimo kinaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Maana yake usije ukasimama thieta ukatangaza "nyuzi 34.6" kama msoma matokeo ya uchaguzi. Kamera hiyohiyo inayokosea nyuzi 2 kwenye namba ina macho makali ya kutofautisha sehemu mbili zilizo kwenye picha moja, hata zikipishana sehemu ya kumi ya nyuzi. Tegemea tofauti: ncha ya juu kwa ncha ya chini, figo kwa nyama iliyo jirani, sasa kwa dakika moja iliyopita.

Iwashe dakika 15 kabla ya kazi ili itulie. Emisiviti, yaani kiasi ambacho uso wa kitu hutoa mionzi yake wenyewe badala ya kuakisi ya wengine, iweke 0.98, ndicho cha nyama mbichi. Kisha zima ile tabia ya kamera kujipangia rangi yenyewe. Hili ndilo kosa la kila anayeanza. Kamera ikiachwa ijipangie, kila picha itakuwa na nyekundu yake na bluu yake, hata kama figo nzima inapishana nusu nyuzi tu. Funga kipimo, kwa mfano kuanzia nyuzi 10 hadi 38, usikiguse tena mpaka kazi iishe. Nyekundu imetengenezwa na programu, figo haina habari nayo.

Kujaribu kama inasema kweli, koroga maji na barafu iliyopondwa kwenye bakuli, subiri dakika chache, piga picha: yanapaswa kusoma karibu na sifuri. Halafu chukua sufuria yenye maji ya uvuguvugu, bandika kipande cha tepu nyeusi ya fundi umeme ubavuni mwake, uangalie tepu na chuma kilicho kando yake. Joto lao ni moja, lakini chuma kitaonekana cha baridi, na ukisogea utaona uso wako mwenyewe umewaka ndani yake. Usilisahau hilo sufuria, tutalirudia.

Hatua ya 2: Nenda buchani mapema

Nunua figo za mbuzi. Za ng'ombe zimegawanyika vifundovifundo kama kishada, joto linaruka mabonde na vilima na utasoma usichokijua. Ya mbuzi ni laini, umbo lake ni la haragwe, inakaribia ya mtu kwa nje.

Shida ni kwamba muuza bucha anajivunia kusafisha. Mafuta anayatoa, mishipa anaikata usawa wa nyama, anakukabidhi kitu kizuri cha kukaanga ambacho hakina pa kuingiza mrija. Wangu wa Mabatini ilibidi nimwoneshe kwa kidole mara tatu.

"Niachie na mafuta yake, kaka. Na hii mishipa usiikate, iache mirefu."

"Fundi, mafuta nayo nayapima kwenye mzani."

"Pima."

Nunua mbili, za asubuhi hiyohiyo. Moja ya kufanyia kazi, moja ya kujidanganyia. Sababu utaiona hatua ya 5.

Hatua ya 3: Osha, halafu poza

Damu iliyobaki ndani inaganda upesi, kwa hiyo usipitie kwa rafiki njiani. Ukifika, pasua mafuta taratibu pale kwenye kitovu cha figo. Ateri ni ile yenye ukuta mnene, mweupe, inayobaki wazi ukiibonyeza na kuiachia. Vena ni pana na inalala chali kama soksi. Mrija wa mkojo ni mwembamba, unateremka chini. Ingiza kanula, ule mrija mdogo wa kuwekea dripu, ya rangi ya chungwa, namba 14, kwenye ateri, bila ile sindano yake ya ndani. Funga kwa uzi mara mbili, kwa upole. Sukuma maji baridi ya dripu ya chumvi kwa bomba la sindano mpaka yanayotoka kwenye vena yawe meupe. Figo itapauka kote. Kama kuna sehemu imebaki nyekundu iliyoiva, kuna damu iliyoganda imeziba tawi. Usiitupe, iwekee alama, ni somo la bure.

Sasa ipoze. Iweke kwenye mfuko wenye maji ya chumvi, mfuko huo ndani ya mfuko mwingine, ndipo uzike kwenye barafu kwa saa moja. Isigusane na barafu uso kwa uso. Wanaopakia minofu ya samaki wanajua mnofu ulioungua kwa barafu unavyokuwa, na figo ya mtu nayo husafirishwa kwenye mifuko zaidi ya mmoja kwa sababu hiyohiyo, ikae karibu na nyuzi 4 bila kuganda.

Hatua ya 4: Ipe damu ya uongo

Tundika chupa ya dripu yenye maji ya chumvi yaliyopashwa moto. Urefu wa mita moja kutoka usawa wa maji hadi kwenye figo ni sawa na shinikizo la milimita 74 za zebaki, na mita 1.2 ni kama milimita 88, karibu na wastani wa presha ya mgonjwa aliyelazwa usingizi vizuri. Kwa hiyo msumari ukutani na futi ya fundi seremala vinakutosha, pampu haihitajiki.

Hapa nilipoteza siku mbili nzima. Maji kwenye chupa yalikuwa nyuzi 40, figo ikawa haipati moto, nikailaumu figo, nikamlaumu mbuzi. Kumbe mrija wa dripu ni mrefu na mwembamba, na maji yanapoza njiani kama chai iliyomiminwa kwenye sahani. Pima joto pale yanapotoka kwenye ncha ya mrija, kabla hujaunganisha. Fupisha mrija, au upitishe ndani ya beseni la maji moto, mpaka ncha isome 37.

Weka figo juu ya kitambaa kikavu, kamera juu yake umbali wa nusu mita, ikitazama chini wima. Zima feni. Piga picha ya mwanzo, figo ikiwa baridi na mrija umefungwa, kisha anza video, kisha fungua.

Angalia njia, acha rangi. Joto linaanzia kwenye kitovu, linatambaa kama maji yanavyoingia kwenye mfereji wa bustani, madoa yanajitokeza kwenye uso, yanapanuka, yanaungana. Rudia na chupa ikiwa nusu mita tu. Utaona mwendo ni uleule ila unajikokota. Presha imeshuka, figo haina kosa. Thieta utamkumbuka mtu wa usingizi, anayeangalia presha ya mgonjwa, kwa sababu ya jambo hili.

Sasa poza tena, na safari hii funga kwa uzi tawi moja la ateri kabla ya kufungua maji. Kipande kimoja kitabaki baridi, na mpaka wake utakuwa umekatwa kama kwa kisu. Matawi ya ateri ya figo hayasaidiani: tawi likizibwa, hakuna jirani wa kulipelekea chakula eneo lake. Ule mpaka mkali ukae machoni pako. Ndiyo alama ya maana kuliko zote utakazowahi kuona kwenye kamera hii.

Hatua ya 5: Jidanganye kwa makusudi

Ichukue figo ya pili, isiyo na mrija wowote, ya baridi vilevile. Imwagie maji ya uvuguvugu. Itawaka nyekundu nzima, nzuri kuliko ile yenye mzunguko. Umeona? Mgeni akiingia mlangoni sasa hivi ukamuuliza ipi iko hai, ataonyesha hii.

Iache, uitazame. Joto hili limetoka nje kwenda ndani, limeingia kote kwa mpigo, halikuanzia kwenye kitovu, na likishaingia linaanza kupungua. Joto la damu linatoka ndani kuja nje na linashikilia. Fanya zoezi hili mara kumi. Kisha jaribu njia nyingine za kudanganyika: wekea figo kavu taa ya mezani kwa karibu, pulizia figo iliyolowa kwa feni uone inavyopoa kwa mvuke, weka kitambaa cha maji ya barafu ubavuni mwake. Laza pia kijiko kinachong'aa kando yake, ukumbuke sufuria.

Ukimaliza, fukia nyama yote. Usiile, na mbwa wa jirani usimpe.

Hatua ya 6: Thieta, kabla ya klempu

Hakuna kamera inayoingia thieta kwa urafiki wa fundi na daktari. Kama ni utafiti, kuna kamati ya maadili ya hospitali, kuna kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kuna mgonjwa aliyeelezwa akakubali. Picha haina uso wa mtu, lakini jina la faili lisiwe jina lake.

Kamera isiingie eneo lililotakaswa. Mwanafunzi mmoja alitaka kuivalisha mfuko wa plastiki kama wanavyovalisha mashine nyingine. Lenzi ya kamera ya joto haioni kupitia kioo kabisa, na plastiki huikatia sehemu ya mionzi na kuipotosha iliyobaki. Funika mwili na mkono wa stendi, lenzi iache wazi, kamera ikae pembeni juu, ikielekea kidonda kwa pembe ndogo. Ukitazama figo kwa ubavu sana, ukingo wake utaonekana baridi hata ukiwa mzima.

Kabla klempu hazijaachiwa, omba mambo matatu kwa daktari, na uyaombe kabla ya upasuaji kuanza, siyo wakati ameshika uzi. Kwanza, kile kitambaa cha barafu kilichozungushiwa figo kiondolewe chote. Pili, taa kubwa igeuzwe kando kwa dakika chache. Tatu, asimwagie maji ya uvuguvugu kabla hujapata video yako. La tatu ni gumu, mkono wa daktari una mazoea yake. Akimwagia, andika saa, usibishane.

Piga picha ya mwanzo. Hii usiiruke. Kushona mishipa huchukua nusu saa au zaidi, na muda wote huo figo imelala juu ya nyama ya mtu yenye joto. Inapata moto polepole bila tone la damu. Usipojua ilianzia wapi, hutajua imesafiri umbali gani. Andika na presha ya mgonjwa na joto la mwili wake dakika ileile.

Hatua ya 7: Dakika za kwanza

Vena huachiwa kwanza, halafu ateri. Wewe anza kuhesabu kwenye ateri. Chagua sehemu nne za kufuatilia: ncha ya juu, katikati, ncha ya chini, na nyama ya mgonjwa iliyo jirani kama kipimo. Figo inayopokea vizuri inapanda haraka mwanzoni, kisha inapunguza mwendo kadiri inavyomkaribia jirani yake, na ncha zake hazipishani sana. Watafiti wa Marekani walioitazama hali hii thieta kwa kamera ya infraredi na kuchapisha mwaka 2003 waliona kwamba muda wa figo kurudi kwenye joto unakwenda pamoja na jinsi inavyokuja kufanya kazi baadaye. Mimi sitakupa sekunde za kukariri. Kamera yako, baridi ya thieta yenu na presha ya mgonjwa vinaibadilisha namba hiyo. Tengeneza daftari lenu.

Ncha ya chini ndiyo ya kukodolea macho. Watu wengi, zaidi ya mmoja kati ya watano, wana ateri ya ziada kwenye figo, na ile ndogo ya chini mara nyingi ndiyo inayolisha mrija wa mkojo. Ikipotea, mrija unaweza kufa na mkojo ukavuja siku kadhaa baadaye. Doa baridi hapo, lenye mpaka uliokatwa, lisubiri dakika moja tu, kisha lisemwe.

Namna ya kulisema ni nusu ya kazi. Usiseme "figo ni mbaya", hiyo si kazi yako na huijui. Sema ulichokiona: "Daktari, ncha ya chini imebaki nyuma kwa nyuzi 6, mpaka mkali, dakika mbili sasa." Yeye ataamua kama ateri imejikunja, imejikaza ikahitaji papaverini, dawa ya kulegeza mishipa, au ameifunga kwa kujua.

Na kabla hujafungua mdomo, angalia kwa macho yako ya kawaida. Niliwahi kulisema hilo kwa sauti ya uhakika kabisa, katika hospitali moja nilikokwenda kujifunza. Daktari aliacha alichokuwa akifanya, akapeleka kidole kwenye ncha ya chini, akavuta kitambaa cheupe kilicholowa maji ya barafu, chenye ukubwa wa leso, kilichokuwa kimejificha chini ya figo. Akakiinua usawa wa macho yangu. "Fundi, ateri yako hii hapa." Thieta nzima ilicheka, mgonjwa peke yake ndiye hakucheka.

Kuna mtego mwingine usiochekesha. Vena ikiziba na ateri ikiwa wazi, damu ya moto inaingia na haitoki. Kwenye kamera, kwa muda, figo inaweza kuonekana imepata moto vizuri. Kwa jicho ni ya zambarau, kwa kidole imevimba na kukaza kupita kiasi. Hapo mwamini kidole. Vivyo hivyo kamera haijui kovu la zamani lililo ndani ya figo, haijui mchangiaji alikuwa na presha miaka kumi, wala haioni sehemu ya kati ya figo, ambayo ndiyo huumia kirahisi ikikosa hewa. Hayo ni ya kipimo cha damu cha kreatinini, picha za kabla ya upasuaji na kinyama kinachopelekwa maabara. Kwa figo ya ndugu aliye hai mengi yamechujwa kabla. Kamera ina cha kusema zaidi pale figo inapokuwa imekaa saa nyingi kwenye barafu.

Daktari akishamaliza mrija wa mkojo, ataisukuma figo ikalale mahali pake kwenye nyonga. Wengi huzima kamera kabla ya hapo, wakiona kazi imekwisha. Usizime. Mishipa iliyokuwa imenyooka wakati figo imeinuliwa inaweza kujikunja ikishalala, na dakika hiyo ndiyo ya mwisho ambapo mtu anaweza kuigeuza bila kumfungua mgonjwa upya. Piga picha figo ikiwa imelala, subiri dakika mbili, piga nyingine, zilinganishe hapohapo. Zikilingana, mwambie afunge. Tumbo likishafungwa kamera haina tena cha kuona, zamu ni ya mashine ya doppla, inayofuatilia mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti.

Lenzi ipulizie vumbi kwanza, ndipo uifute kwa kitambaa laini cha miwani. Ile pamba iliyoko kwenye trei ya muuguzi usiiguse: lenzi nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa jemaniamu, zina utando juu, na mkwaruzo mmoja utakutana nao kama doa baridi kwenye kila figo utakayoitazama baada ya hapo.